Kupima ugumu wa kiini cha seli na kujua ni protini ipi inayobeba mzigo: mwongozo kamili

Mtu akikutajia ugumu wa kiini cha seli kwa namba moja tu, muulize: ulikivuta kiasi gani, na kwa muda gani? Kiini kikivutwa kidogo, kinachopinga zaidi ni kromatini, yaani DNA pamoja na protini ilizozizunguka. Kikivutwa sana, mzigo unahamia kwenye wavu wa lamini uliotandazwa chini ya utando wake. Watu wawili wanaweza kupima kiini cha aina ileile, wakapata namba zinazopishana mara mbili au zaidi, na wote wawe wamepima sawasawa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupima ili ujue nani anabeba nini, na ni wapi vipimo hivi huharibika. Unamfaa anayejua tayari kukuza seli na kutumia hadubini, lakini hajawahi kushika pipeti ya kufyonzea kiini.

Wabeba mzigo wenyewe

Kiini cha seli ya mamalia huwa na kipenyo cha µm 5 hadi 20, na kwa kawaida ni kigumu kuliko saitoplazimu inayokizunguka, mara 2 hadi 10. Kimefunikwa na tando mbili zilizotenganishwa na mwanya wa nm 30 hadi 50. Tando hizo ni za mafuta na hazitoi upinzani wa maana zikivutwa. Nguvu iko chini yake.

Lamini ni jamii ya nyuzi za kati, ndugu wa keratini na vimentini. Jeni LMNA, iliyoko kwenye kromosomu ya 1, hutoa lamini A na lamini C kwa namna RNA yake inavyokatwa na kuunganishwa. LMNB1 hutoa lamini B1, na LMNB2 hutoa B2. Lamini C ina amino asidi 572. Lamini A huanza kama prelamini A yenye amino asidi 664. Hubandikwa mkia wa mafuta uitwao farnesili, amino asidi 3 za mwisho huondolewa, kisha kimeng'enya ZMPSTE24 hukata amino asidi 15 za mwisho pamoja na mkia huo, zikabaki 646. Lamini za kundi B hazikatwi hivyo: hubaki na mkia wao, na ndiyo maana zimeng'ang'ania utando. Lamini A na C hazina kishikizo hicho, na sehemu yake huelea katikati ya kiini. Shika tofauti hii, kwa sababu projeria, ugonjwa wa watoto kuzeeka mapema utakaotajwa mbele, unatokana nayo moja kwa moja.

Picha za hadubini ya elektroni ya baridi kali zilizochapishwa mwaka 2017, za fibroblasti (seli za tishu unganishi) za panya, zilionyesha nyuzi za lamini zenye unene wa nm 3.5 hivi, zikiwa zimelala ndani ya tabaka la nm 14. Ni nyembamba sana ukizilinganisha na nyuzi nyingine za kati, ambazo huwa na nm 10. Pia hazikupangika kwa miraba. Ile picha maarufu ya wavu wenye macho ya mraba ilitoka kwenye yai changa la chura, mwaka 1986, na si halali kuihamishia kwenye kila seli.

Zipo pia protini za kuunganisha. SUN1 na SUN2 hukaa kwenye utando wa ndani na kushikana na nesprini zilizoko utando wa nje. Kwa mnyororo huo kani ya aktini, nyuzi za saitoplazimu zinazovuta, hufika hadi kwenye lamini. Emerini na LBR hushikilia lamini na kromatini ukutani. Ukitaka kujua kiini kinahisije kuvutwa kikiwa ndani ya seli, mnyororo huu ndio njia. Ukitaka kujua kiini chenyewe kina ugumu gani, mnyororo huuhuu ndio utakaokuharibia kipimo usipoukata.

Hatua ya 1: Panga makundi manne, si mawili

Kosa linaloua majaribio mengi ni kulinganisha seli za kawaida na seli zilizopunguzwa lamini A/C, basi. Ukipata kiini laini, hujui kama ni wavu uliopungua au ni kromatini iliyolegea kwa sababu imekosa pa kujishikiza. Panga hivi:

1. Seli za kawaida.
2. Seli zilizopunguzwa lamini A/C kwa siRNA, yaani vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni.
3. Seli za kawaida zilizolegezwa kromatini.
4. Seli zilizofanyiwa yote mawili.

Kulegeza kromatini, tumia trikostatini A kwa nM 100 au asidi ya valproiki kwa mM 2, saa 16 hadi 24. Zote mbili huzuia vimeng'enya vinavyoondoa asetili kwenye histoni, hivyo kromatini iliyofungamana hufunguka. Usipitishe muda huo: seli huanza kufa, na kiini cha seli inayokufa kina ugumu wa aina nyingine kabisa. Kila kundi lisilopewa dawa lipewe kiyeyushio kilekile kwa kiasi kilekile.

Ukiwa na nafasi, ongeza kundi la tano lenye lamini B1 pungufu. Majaribio ya mwaka 2006 kwenye seli za panya yalionyesha kwamba kukosa lamini A na C hulainisha kiini waziwazi, lakini kukosa B1 hakukilainishi kwa namna hiyo. Huleta zaidi vivimbe vinavyochomoza ukutani. Kundi hili litakuonya: ukiona kiini chenye umbo baya, usikurupuke kusema ni laini. Umbo na ugumu ni vitu viwili.

Hatua ya 2: Thibitisha kwamba lamini imepungua kweli

Lamini hudumu muda mrefu ndani ya seli. RNA inaweza kuwa imeshatoweka siku ya kwanza, huku protini bado iko ukutani. Subiri angalau saa 72 baada ya siRNA, na hakikisha seli zinagawanyika katika muda huo, kwa maana kila mgawanyiko hupunguza akiba ya zamani.

Pima kwa westan bloti, inayotenganisha protini kwa ukubwa na kuzitambua kwa kingamwili. Lamini A hutokea karibu na kDa 74, lamini C karibu na 65, na B1 karibu na 67. Kwa kuwa C na B1 zimekaribiana hivyo, usiweke kingamwili zote mbili pamoja kwenye bloti moja.

Kuna mtego hapa unaonasa hata wazoefu. Lamini haiyeyuki kwa sabuni laini. Ukivunja seli kwa Triton ya asilimia 1 na kusokota, sehemu kubwa ya lamini hubaki kwenye mashapo, nawe unamwaga mashapo. Bloti itaonyesha lamini kidogo katika makundi yote, na tofauti utakayoiona itategemea ulivyosokota kuliko siRNA. Vunja seli moja kwa moja ndani ya bafa ya SDS ya asilimia 2, pasha nyuzi 95 kwa dakika 5, kisha katakata DNA kwa mawimbi ya sauti au kwa kuipitisha mara kadhaa kwenye sindano nyembamba ili isinate.

Wala usipime kiasi cha lamini kwa mwangaza wa picha za kingamwili pekee. Seli iliyotandaa hukaza lamini kiasi kwamba baadhi ya kingamwili hazifikii sehemu yake ya kushika, hasa upande wa chini wa kiini. Mwanga hupungua, lakini protini ipo palepale.

Hatua ya 3: Toa viini nje ya seli, polepole

Unaweza kupima kiini kikiwa ndani ya seli au kikiwa peke yake. Ndani ya seli hali ni ya asili zaidi, lakini unapima pia aktini iliyokaza juu ya kiini na vimentini iliyokizingira. Ili kutenganisha michango ya protini za kiini, viini vilivyotolewa ni bora.

Bafa ya kuvimbisha: HEPES mM 10 yenye pH 7.5, KCl mM 10, MgCl₂ mM 1.5, DTT mM 0.5, na mchanganyiko wa vizuizi vya proteasi. Kila kitu kiwe kwenye barafu.

Chukua seli milioni 10 hivi, zioshe, zitie ndani ya ml 2 za bafa hiyo kwa dakika 10. Hamishia kwenye kisagio cha kioo cha Dounce chenye mchi wa kubana. Sukuma mara 10, chukua tone, changanya na tripani bluu, angalia. Kiini kilichotoka huonekana cha bluu, mviringo, bila pindo la saitoplazimu. Endelea mara 5 kwa 5 mpaka viini 9 kati ya 10 viwe huru. Seli nyingi humaliza kati ya mara 20 na 30. Mchi uupandishe taratibu. Ukiuvuta kwa kasi, unazalisha mapovu, na mapovu huchana viini. Dalili ya kuchanika ni nyuzi za kamasi zinazoshika kwenye pipeti: hiyo ni DNA iliyomwagika, na mchanganyiko huo hautibiki. Tupa, anza upya.

Sokota kwa g 500, dakika 5, nyuzi 4. Mwaga maji ya juu, kisha rudisha viini ndani ya bafa ya kupimia: sukrosi mM 250, KCl mM 25, MgCl₂ mM 2, HEPES mM 10 pH 7.5, albumini ya ng'ombe asilimia 1. Pima ndani ya saa 2.

Tazama sana hiyo magnesi. Ayoni zenye chaji mbili hufunganisha kromatini. Bafa yenye mM 5 itakupa viini vidogo na vigumu zaidi kuliko yenye mM 2, na ukitia EDTA, inayonasa ayoni hizo, viini huvimba na kulainika kwa dakika chache. Kwa hiyo makundi yote yapimwe ndani ya bafa ya chupa moja. Usitumie pia sabuni ya NP-40 kuharakisha kazi: huondoa utando wa nje pamoja na nesprini zake.

Seli zenye vimentini nyingi, kama fibroblasti, huachia kiini kwa shida kwa sababu vimentini hukishikilia kama kikapu. Fibroblasti za panya zisizo na vimentini zimetumika sana katika kazi hii kwa sababu hiyo.

Hatua ya 4: Kufyonza kwa pipeti

Vuta mrija wa kioo cha borosiliketi wenye kipenyo cha nje cha mm 1, ukate ncha yake iwe bapa kabisa, na mdomo wake uwe na kipenyo cha ndani cha µm 4 hadi 5. Mdomo usizidi nusu ya kipenyo cha kiini, la sivyo hesabu ya hatua ya 5 haifai. Ncha iliyokatika mshazari haizibi, nayo huvuja muda wote wa kipimo. Kunja pipeti nyuzi 30 hivi ili ncha ilale sambamba na sakafu ya chombo, kisha ijaze bafa iliyochujwa kwa chujio la µm 0.2 na uiloweke kwenye albumini ya asilimia 1 kwa dakika 30. Isipolowekwa, utando hunata kwenye kioo, na utapima gundi badala ya ugumu.

Kanieneo unaipata kwa tangi dogo la maji lililounganishwa na pipeti kwa mpira, likipanda na kushuka kwenye reli yenye vipimo. Sentimita 1 ya maji ni Pa 98. Kwanza tafuta sifuri: tazama chembe ndogo inayoelea karibu na mdomo, sogeza tangi hadi chembe isiingie wala isitoke. Maji hukauka, na sifuri husogea. Ihakiki kila baada ya dakika 15.

Sasa lete mdomo kwenye kiini kimoja cha mviringo, shusha tangi sm 1. Kiini kinagusa mdomo. Uchafu uliokuwa ukielea kuelekea pipeti unasimama, na hapo ndipo unajua pameziba. Shusha mpaka sm 6, karibu Pa 600, na uanze kurekodi picha moja kila sekunde. Ulimi mdogo wa kiini unaingia kwenye mrija kwa haraka katika sekunde ya kwanza, kisha unapunguza mwendo. Lakini angalia ncha yake vizuri: hausimami. Baada ya dakika moja bado unajongea, kidogo kidogo, na mpaka dakika ya pili utaona mwendo.

Mjongeo huo ni tabia ya kiini chenyewe. Mabadiliko yake kwa muda hufuata kanuni ya kipeo: urefu wa ulimi hukua kama muda uliopandishwa kwa kipeo cha karibu 0.3. Ukichora urefu dhidi ya muda, mihimili yote miwili ikiwa ya logi, unapata mstari ulionyooka. Usipopata mstari, tafuta uvujaji.

Shikilia kanieneo hiyo kwa sekunde 100, achilia, subiri kiini kirudi, kisha endelea na kiini kingine. Ni vyema kila kiini kivutwe mara moja tu. Majaribio ya mwaka 2014 yalionyesha kuwa kiini kilichotolewa nje ya seli na kuvutwa mara kwa mara kupitia nesprini-1 hukakamaa, kwa njia inayohitaji lamini A/C na emerini iliyotiwa fosfeti. Yaani mvuto wa tatu unapima kiini ambacho tayari kimejibu.

Hatua ya 5: Hesabu

Moduli ya Young (E), kipimo cha ugumu wa kitu, kwa kufyonza hupatikana hivi:

E = (3Φ / 2π) × ΔP × (a / L)

ΔP ni kanieneo, a ni nusu kipenyo cha ndani cha pipeti, L ni urefu wa ulimi ndani ya pipeti, na Φ, kigezo cha umbo la ukuta wa pipeti, ni 2.1. Ukizidisha, sehemu ya kwanza inakuwa karibu 1.0 kamili, kwa hiyo mezani unaweza kukadiria: kanieneo mara nusu kipenyo, gawanya kwa urefu.

Chukua kiini kimoja. ΔP ni Pa 600, a ni µm 2.25. Sekunde ya 10, ulimi una µm 1.2: E ni 600 × 2.25 ÷ 1.2, yaani Pa 1,125. Sekunde ya 100, kwa kipeo cha 0.3, urefu umeongezeka mara mbili kufika µm 2.4: E ni Pa 560 hivi. Kiini kilekile, pipeti ileile, siku ileile, na ugumu umepungua kwa nusu kwa sababu tu ya saa uliyosoma. Chagua sekunde moja kabla ya kuanza, mathalani ya 10, na usiibadilishe kwa kundi lolote.

Kanuni hiyo inachukulia kiini kuwa donge lenye ugumu uleule kote. Kiini kilichovimba, ambacho kromatini yake imejitenga na ukuta, hufanana zaidi na puto. Kwa hicho pima mkazo wa ukuta (T), Rp ikiwa nusu kipenyo cha pipeti na Rn cha kiini:

T = ΔP × Rp / [2 (1 − Rp/Rn)]

Kwa Pa 500, pipeti ya nusu kipenyo cha µm 2 na kiini cha nusu kipenyo cha µm 5, T inatoka mN/m 0.83. Usitumie kanuni moja kwa kundi la kawaida na nyingine kwa kundi lililovimba kisha ukalinganisha namba. Hazina hata kipimo kimoja.

Hatua ya 6: Vuta kwa pipeti mbili uone mzigo ukihama

Kufyonza kunakupa ugumu wa kiini kwa ujumla. Kuuona mzigo ukitoka kwa kromatini kwenda kwa lamini, kiini kishikwe na pipeti mbili, moja kila upande. Moja ni ngumu, inayovuta. Nyingine ni ndefu na nyembamba, imepimwa kabla ugumu wake wa kupinda, karibu nN 1.5 kwa kila µm. Vuta kwa nm 50 kwa sekunde. Umbali kati ya pipeti unakupa mnyooko. Kupinda kwa pipeti laini kunakupa kani.

Katika fibroblasti za panya, sehemu ya mwanzo ya mchoro wa kani dhidi ya mnyooko ina mwinamo wa karibu nN 0.5 kwa µm. Kiini kikinyooka µm 3, kani ni nN 1.5 na pipeti laini imepinda µm 1, kiasi kinachoonekana waziwazi kwenye kamera. Baada ya hapo mstari unapanda zaidi: kiini kinakakamaa kadiri kinavyovutwa.

Sasa yale makundi manne yanazungumza. Kundi lililolegezwa kromatini litakuwa na mwinamo mdogo mwanzoni, lakini kule kukakamaa baada ya µm 3 kunabaki. Kundi lililopunguzwa lamini A/C litaanza kama la kawaida, kisha halikakamai: mstari unaendelea kwa mwinamo uleule. Kundi la nne linapoteza vyote viwili. Matokeo ya namna hii yalichapishwa mwaka 2017, na ndiyo sababu ya kusisitiza umbali wa kuvuta. Mtafiti anayeishia µm 2 atasema lamini A haina kazi, na atakuwa ameripoti kwa uaminifu alichokiona.

Mwinamo usomwe mara mbili kwa kila kiini: kati ya µm 0 na 3, na kati ya 3 na 6. Tofauti ya miinamo hiyo miwili ndiyo kipimo safi zaidi cha lamini A/C unachoweza kupata bila kuchanganya na kromatini.

Hadubini ya kani ya atomu: ikiwa ndiyo uliyo nayo

Inafaa, kwa tahadhari. Usitumie ncha kali. Huingia kati ya nyuzi na kukupa ugumu wa doa moja. Bandika tufe la kipenyo cha µm 5 kwenye mkono wa hadubini, ule ufito unaopinda, wenye ugumu wa N/m 0.06. Kwa kanuni ya Hertz, ukichukulia ujazo wa kiini haubadiliki kikibonyezwa (F ni kani, R ni nusu kipenyo cha tufe, δ ni kina cha kubonyea):

F = (16/9) × E × √R × δ^1.5

Kiini cha kPa 2 kikibonyezwa µm 1 na tufe hilo kitahitaji nN 5.6 hivi, na mkono utapinda nm 94. Hakikisha sakafu ya chombo haikujibu badala ya kiini: usibonyeze zaidi ya moja ya tano ya urefu wa kiini. Seli iliyotandaa huwa na kiini bapa, wakati mwingine cha µm 4 au 5 tu, hivyo µm 0.8 hadi 1 ndio mwisho wako. Hapo bado uko kwenye eneo la kromatini kwa sehemu kubwa, pamoja na kofia ya aktini iliyoko juu. Iondoe aktini kwa saitokalasini D, µM 1 kwa dakika 30, na upime seli zilezile kabla na baada.

Mambo yanayoharibu kazi

Hatua ya mzunguko wa seli ndiyo hupuuzwa kuliko zote. Kiini kinachokaribia kugawanyika kina DNA maradufu na ni kikubwa zaidi. Dawa inayosimamisha mzunguko itabadilisha mchanganyiko wa viini vyako, nawe utadhani umebadilisha ugumu. Tia rangi ya DNA kwa kiasi kidogo, pima jumla ya mwanga wa kila kiini, na ulinganishe vya kundi moja la DNA. Mwanga wa urujuanimno uwashe baada ya kuvuta, kwa kuwa huharibu DNA.

Sakafu ya kukuzia nayo ina neno. Seli zilizokuzwa kwenye jeli laini hupunguza lamini A. Kwenye sakafu ngumu huongeza. Uhusiano huo upo hata kwenye tishu, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2013: ubongo, ulio laini, una lamini A kidogo ukilinganisha na B, na mfupa una nyingi. Kwa hiyo kundi moja likiwa kwenye plastiki na jingine kwenye jeli, umebadilisha lamini kabla ya siRNA.

Pima viini 30 au zaidi kwa kila kundi kila siku, kwa siku tatu tofauti na seli zilizokuzwa upya. Takwimu ifanywe kwa wastani wa kila siku, si kwa kuvijumlisha viini 90 kama vile kila kimoja ni jaribio linalojitegemea. Ugumu husambaa kwa logi, hivyo chukua logi kwanza. Anayesoma picha asijue ni kundi lipi.

Unapopima seli za wagonjwa

LMNA ilihusishwa na ugonjwa wa misuli wa Emery-Dreifuss mwaka 1999. Projeria ya Hutchinson-Gilford ilielezwa mwaka 2003: herufi moja ya jeni, C kwenda T nafasi ya 1824, haibadilishi amino asidi, lakini inafungua sehemu ya siri ya kukatia RNA, na amino asidi 50 zinapotea. Kati ya hizo ndimo mlimokuwa mahali pa ZMPSTE24 pa kukata. Protini inayobaki, projerini, inabaki na farnesili yake na kung'ang'ania utando siku zote. Dawa ya lonafarnibu huzuia farnesili kubandikwa, na iliidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2020.

Kwenye meza ya vipimo, seli zenye projerini huonyesha ukuta mgumu kuliko kawaida, na kiini kilichokunjamana. Zinafaa kuwa kipimo cha upande wa pili: ikiwa mtambo wako unaona ulaini wa lamini A/C pungufu lakini hauoni ugumu wa projerini, basi huvuti vya kutosha kufikia wavu. Neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, ziko upande mwingine kabisa: zina lamini A kidogo sana na LBR nyingi, na kiini chao chenye vipande hupenya mahali pembamba. Usizifyonze kwa Pa 600, zitaingia zote. Anza na Pa 100.

Kila namba utakayoandika iambatane na umbali wa kuvuta, sekunde uliyosomea au kasi ya mvuto, kiasi cha magnesi, joto la chumba cha kupimia, na ni mvuto wa ngapi kwa kiini hicho.